Babu Alimtafuta Zwangendaba Kwenye Mkanda wa Shaka

Mkanda wa Shaka, yaani tamthilia ya televisheni ya "Shaka Zulu" inayomhusu mfalme wa Wazulu wa Afrika Kusini, ulifika Songea wakati Tanzania Bara haijapata kituo hata kimoja cha televisheni. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Banda la video lilikuwa nyuma ya soko: kuta za mabanzi, sakafu ya udongo, gunia mlangoni la kuzuia mwanga, na nje jenereta iliyonguruma hata mtafsiri akawa anapiga kelele kwenye kipaza sauti chake. Babu mzaa mama, ambaye sikuwahi kumwona akikanyaga humo, alinishika mkono akaniambia, "Twende mke wangu, leo tukamwone aliyetukimbiza."

Babu alikuwa Mngoni, na historia aliyolelewa nayo ilianza kwa kukimbia.

Tuliitazama kwa jioni nne, maana tamthilia yenyewe ina sehemu kumi. Sisi watoto tulizijua sheria za banda: kuna steringi, kuna adui, na steringi hafi njiani. Shaka ndiye alikuwa steringi. Tulishangilia alipouonyesha mkuki wake mfupi, tukashangilia zaidi jeshi lilipojipanga mfano wa pembe za ng'ombe na kuwafumbata maadui. Babu alikaa kimya, fimbo yake katikati ya magoti. Alitikisa kichwa mara moja tu, aliposikia askari wakiitikia "Bayete!", akaninong'oneza kwamba hata kwetu Nkosi, yaani mtawala, alisalimiwa hivyo. Baada ya hapo akabaki na swali moja, akawa analirudia kila mkanda ulipobadilishwa: "Zwangendaba anatokea lini?"

Jioni ya nne mtafsiri alizima kipaza sauti, akasogea hadi alipo Babu na kumwambia kwa adabu, "Mzee wangu, huyo hayumo."

Babu aliinuka kabla mkanda haujaisha. Tulitembea gizani hadi karibu na nyumbani ndipo akasema: "Wametuonyesha mwenye fimbo. Waliochapwa hawana sura."

Nimefundisha historia sekondari kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila filamu mpya ya shujaa wa kale inapotoka na watu kuanza kubishana, sentensi hiyo hunirudia. Ubishi wenyewe huwa ni uleule. Mwigizaji ni mweupe mno au mweusi mno. Shujaa hakuwa mrefu kiasi kile. Ushanga ule haukuwapo enzi zile. Sisemi mambo hayo hayana maana, ila naona yanatufanya tuangalie mahali pamoja tu, kwa steringi. Kuchagua waigizaji ni kuamua nani acheze mkubwa, lakini pia ni kuamua nani apewe uso, jina na maneno ya kusema, na nani aanguke kule nyuma kwenye vumbi bila hata kufunua mdomo. Filamu inaweza kupatia ngao, ushanga na mtindo wa nywele, ikakosea hapo.

Nimweleze kwanza Zwangendaba, kwa wasiomjua. Alikuwa upande wa Zwide, mfalme wa Wandwandwe. Shaka alipowavunja Wandwandwe mnamo 1819, Zwangendaba aliondoka na watu wake kuelekea kaskazini. Wakapita kusini mwa Msumbiji ya leo, wakaingia nchi ya Warozvi ambayo sasa ni Zimbabwe, na Novemba 1835, siku ambayo jua lilipatwa, wakavuka mto Zambezi. Wakaendelea, magharibi mwa Ziwa Nyasa, mpaka Ufipa. Huko ndiko Zwangendaba alikofia, katika miaka ya 1840. Ukivuta mstari ulionyooka kwenye ramani kutoka walikotoka hadi Ufipa unapata zaidi ya kilomita 2,000, nao hawakutembea kwenye mstari ulionyooka. Walikuwa na ng'ombe, watoto, wazee na vita. Baada ya kifo chake watu waligawanyika, na kundi moja chini ya Zulu Gama likashuka mpaka huku kwetu Songea.

Kwa Babu, huyo ndiye aliyekuwa shujaa: mtu aliyeshindwa nyumbani kwake akageuza kushindwa kuwa safari, na safari kuwa taifa.

Lakini nyumba yetu ilikuwa na historia mbili chini ya paa moja. Bibi alikuwa Mndendeule. Wangoni walipofika, Wandendeule walikuwapo, na wengi wao walitekwa na kuingizwa kwenye vikosi na mashamba ya wageni. Wengi tunaojiita Wangoni leo ni uzao wa watu waliozolewa njiani. Lugha yenyewe ya Kingoni cha Songea ina mizizi mirefu zaidi kwa wenyeji kuliko kwa waliotoka kusini. Na wako waliouzwa kabisa kwa misafara iliyokwenda Kilwa. Babu alipoanza kumsimulia Zwangendaba jioni, Bibi alimwacha avuke Zambezi, apite na Nyasa, kisha akiwa anageuza ugali aliuliza tu, "Na walipofika kwetu walifanya nini?" Babu hakuwahi kulijibu swali hilo mbele yetu.

Sasa turudi kwenye mkanda.

Aliyemcheza Shaka ni Henry Cele, na nasema bila kusita kwamba sijaona mtu aliyemfaa mhusika wa kale kama yeye alivyomfaa Shaka. Alikuwa golikipa wa mpira kabla ya kuwa mwigizaji, na ilikuwa inaonekana: namna alivyosimama akiwa ameachanisha miguu, namna alivyogeuza shingo bila kugeuza mabega, mikono iliyokuwa tayari kudaka kitu wakati wowote. Alikuwa ameshamcheza Shaka jukwaani kabla ya televisheni kumchukua. Tangu 1986 uso wa Shaka duniani ni uso wake. Nikiwaambia wanafunzi wangu wachore Shaka, wanamchora Cele, hata wale ambao hawajaitazama tamthilia yenyewe, kwa sababu picha zake ndizo zimejaa kwenye simu zao.

Shaka mwenyewe hatuna uhakika alifananaje. Ipo picha moja ya mkono inayosemekana kuchorwa na James King, Mwingereza aliyefika pwani ya Natal miaka ya 1820, nayo ilichapwa kitabuni 1836, miaka minane baada ya Shaka kuuawa na ndugu zake. Inamwonyesha na unyoya mmoja mrefu kichwani, ngao kubwa, na mkuki mrefu wa kurusha, yaani silaha ileile ambayo sifa zake zote zinasema aliiacha. Mahali palipo patupu namna hiyo, mwigizaji mzuri haingii kama mgeni. Anahamia moja kwa moja. Na akija na uongo mzigoni, uongo nao unahamia.

Kuna jambo nililitambua nikiwa mtu mzima, na tangu siku hiyo siwezi tena kuitazama tamthilia ile kama nilivyoitazama bandani. Anayetusimulia habari za Shaka mle ndani ni mzungu, Henry Fynn. Sauti ni yake, macho ni yake, huruma na hofu ni zake. Aliyemcheza Fynn ni Robert Powell, ambaye mwaka 1977 aliigiza kama Yesu kwenye tamthilia iliyozunguka dunia nzima. Picha yake ya Yesu ilitundikwa majumbani kwa watu. Kwa Bibi ilikuwa sebuleni, juu ya redio, na taji ya miiba. Sidhani kama watengenezaji walikuwa na njama. Walimtaka mwigizaji maarufu mwenye macho yanayoaminika, wakampata. Lakini fikiria sisi tulioketi chini kwenye udongo: aliyekuwa akitueleza Shaka ni nani, alikuwa na sura ya Bwana Yesu. Nani angemwambia umekosea?

Fynn wa kweli alikuwa kijana wa miaka 21 alipotia mguu Port Natal mwaka 1824, mfanyabiashara wa pembe na ngozi ambaye hakuwahi kufuzu udaktari, japo aliwahi kusaidia hospitalini London. Powell alikuwa amevuka arobaini. Umri huo wa Powell unageuza mambo. Ukimweka kijana wa miaka 21, mwenye njaa ya mali, mbele ya mfalme wa makamo, mtazamaji anaona mgeni anayetafuta riziki kwenye baraza la mkubwa wake. Ukimweka mtu mzima mwenye busara usoni, mtazamaji anaona hakimu.

Na kumbukumbu zenyewe za Fynn zilikuja kuandikwa na kuandikwa upya, zikapita mikononi mwa wahariri, ndipo zikachapwa kitabu mwaka 1950, miaka mingi baada ya kifo chake. Mwenzake Nathaniel Isaacs alimwandikia barua mwaka 1832 akimshauri awaeleze wafalme wa Wazulu kuwa wauaji wenye kiu ya damu kadiri awezavyo, ili kitabu kinone. Ile idadi ya watu 7,000 inayosemekana waliuawa siku za msiba wa Nandi, mama yake Shaka, mwaka 1827, ni ya Fynn. Wanahistoria wamekuwa wakiitilia shaka kwa muda mrefu. Sisi bandani tuliipokea kama hesabu ya shuleni. Tena tamthilia ilitengenezwa na shirika la utangazaji la serikali ya makaburu, ikatoka mwaka uleule ambao nchi nzima iliwekwa chini ya hali ya hatari. Sihitaji kumsingizia mtu nia mbaya. Nasema tu kwamba Afrika Kusini ya 1986, hadithi ya mfalme mweusi mwenye nguvu na asiyezuilika kuua, ikisimuliwa na mzungu mwenye huruma, haikuwa hadithi iliyokosa wa kuitaka.

Wala si kwamba hapakuwa na vyanzo vingine. James Stuart, hakimu wa Natal, alikaa na wazee karibu 200 kati ya 1897 na 1922, akaandika walivyomweleza Shaka, mara nyingi kwa Kizulu chao. Humo kuna wanaomsifu, kuna wanaomlaani, kuna waliotoka koo alizozivunja. Sauti zilikuwapo. Hazikupewa waigizaji.

Cele miaka kumi baadaye tulimwona tena, kwenye filamu ya 1996 ya simba wala watu wa Tsavo. Ni habari ya reli ya Kenya, ila ilipigwa Afrika Kusini. Yeye alikuwa mnyapara Mahina, mwenye nguvu kuliko wenzake, na simba akamla. Niliumia kumwona. Mtu aliyebeba taifa zima mabegani, dunia ya sinema haikuona kazi nyingine ya kumpa ila kufa mapema ili tujue simba ni mkali. Alifariki 2007.

Kuna wanaosema dawa ni kumchukua mtu wa damu yenyewe. Ilishafanyika. Katika filamu ya "Zulu" ya 1964, inayohusu mapigano ya Rorke's Drift ya Januari 1879, aliyemcheza mfalme Cetshwayo ni Mangosuthu Buthelezi, kitukuu wa Cetshwayo huyohuyo. Huwezi kupata uso wa halali kuliko huo. Anaonekana kwa dakika chache, kisha filamu inahamia kwa Waingereza mia na kitu ndani ya kuta zao, kila mmoja na jina, mzaha na hofu yake. Wazulu wanakuja juu ya kilima kwa maelfu, wanapendeza, wanaimba, wanakufa. Waingereza tunajua hata nani alikuwa mgonjwa. Damu ya kifalme ilikuwepo, na bado haikutosha.

Mwaka 2022 ikaja "The Woman King", na hapa naomba nieleweke, kwa sababu filamu hii niliipenda. Niliitazama mara tatu. Viola Davis akiwa kiongozi wa Agojie, wanawake askari wa Dahomey, ufalme uliokuwa Benin ya leo, ana mwili na makovu ya mtu aliyeishi vitani. Sheila Atim, mzaliwa wa Uganda, amesimama pembeni yake kama mwamba. Wanafunzi wangu wa kike walitoka wamenyoosha migongo. Nilikaa miaka mingi nikisubiri filamu ambayo mwanamke Mwafrika hamsubiri mtu aje kumwokoa.

Lakini wiki mbili baadaye, kwenye jaribio, msichana mmoja hodari aliandika kwamba mfalme Ghezo wa Dahomey alipigana kukomesha biashara ya utumwa. Nililishika lile karatasi muda mrefu. Ghezo alitawala kuanzia 1818 hadi 1858, na sehemu kubwa ya utajiri wake ilitokana na kuuza watu. Alitia saini mkataba wa kuacha mwaka 1852, baada ya manowari za Uingereza kuizingira pwani yake, na miaka michache baadaye biashara ikarudi. Agojie walikuwa wakienda kukamata watu. Filamu inafungua kwa askari hao wakiwakomboa wanawake waliotekwa. Adui wenye sura ni Waoyo, majirani na mahasimu wa Dahomey, na wanunuzi wa Kizungu. Mji uliovamiwa na Dahomey wenyewe, alfajiri, watu wakiwa wamelala, haupo.

Nao ulikuwapo, na mmoja wa watu wake alipigwa picha. Oluale Kossola alikamatwa na jeshi la Dahomey wakati wa Glele, mtoto wa Ghezo, na wanawake askari walikuwemo kwenye uvamizi huo. Akauzwa, akapakiwa kwenye merikebu Clotilda, akafikishwa Mobile, Alabama, mwaka 1860, wakati Marekani ilishapiga marufuku kuingiza watumwa zamani. Aliishi mpaka 1935. Alipomsimulia mwandishi Zora Neale Hurston miaka ya 1920 alikuwa mzee sana, na bado aliukumbuka mji wake ukishambuliwa. Picha zake zipo: mzee mwembamba mwenye ndevu, macho yametulia. Niliipeleka moja darasani, nikaiweka ubaoni pembeni ya picha ya Viola Davis. Sikusema neno kwa dakika nzima. Yule msichana aliuliza, "Mwalimu, sasa steringi ni nani?"

Sikutaka waichukie filamu. Nilitaka wajue kwamba Davis ni mzuri mno, na kwa sababu ni mzuri mno tunamwamini hata pale ambapo filamu imeficha kitu nyuma yake. Mwigizaji mbaya angetuacha na mashaka. Kama Cele angekuwa mbovu, Fynn wa mkandani asingefika mbali.

Nakiri kuna mabadiliko. Mwaka 2023 Afrika Kusini ilitoa "Shaka iLembe", Lemogang Tsipa akiwa Shaka na Nomzamo Mbatha akiwa Nandi, na watu wanazungumza Kizulu. Sikutegemea lugha ingenigusa hivyo. Umezoea Shaka anayeongea Kiingereza, kisha ghafla unasikia umuntu, inyama, inkomo, ukufa, na unaelewa kabla hujasoma maandishi ya chini. Mtu, nyama, ng'ombe, kufa. Nilimkumbuka Babu na "Bayete" yake. Mle ndani Senzangakhona, baba yake Shaka, ana uzito wake, Dingiswayo, mfalme wa Wamthethwa, ana uzito wake, na majirani hawakuwekwa ili wauawe tu.

Hata hivyo wenye shujaa nao wana wivu wa uso wake. Mwaka 2010 uwanja mpya wa ndege wa Durban, uliopewa jina la Mfalme Shaka, ulisimamisha sanamu yake akiwa na ng'ombe, bila silaha mkononi. Familia ya kifalme ililalamika kwamba ameonyeshwa kama mchunga ng'ombe, na sanamu ikaondolewa. Ninaielewa heshima iliyokuwa ikidaiwa. Lakini mimi ningependa kumwona Shaka yule, na ng'ombe wake, siku ambayo hakuua mtu.

Mwaka huu wanafunzi wameomba tuigize safari ya Zwangendaba, kwa ajili ya siku ya kumbukumbu ya mashujaa wa Maji Maji, Februari 27, tarehe ambayo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wetu hapa Songea. Zwangendaba hana picha hata ya kubahatisha, kwa hiyo tuko huru, na uhuru huo unanitia hofu. Wavulana sita walinyoosha mkono kutaka kuwa Zwangendaba. Wanne wakataka kuwa Zulu Gama. Shaka alipata wagombea hata kabla sijasema yumo. Nikauliza nani atakuwa Wandendeule. Kimya. Mmoja akasema hao wawe tu watoto wa kidato cha kwanza, wakae nyuma, wakimbie wakati ngoma inapopigwa.

Nikasema hapana, hatutaanza mazoezi mpaka Wandendeule wapatikane, na kila mmoja wao awe na jina na angalau sentensi moja ya kusema. Tulikaa hivyo mpaka kengele ikalia. Siku ya pili msichana yule wa Ghezo alikuja ofisini na daftari. Alikuwa ameandika onyesho la mwanamke anayesonga ugali wakati wageni wanatokea kilimani na ngao zao, naye hajui bado ni wageni gani, anahesabu tu sahani zitatosha au la. Alitaka aicheze nafasi hiyo mwenyewe, na alitaka kujua Wandendeule wa zamani walikuwa wakimwitaje mgeni.

Nilimwambia nitauliza nyumbani.